Chema hakijiuzi: nilivyoomba MBA mara mbili

Mwaka wa kwanza niliomba kusoma MBA, shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, kwenye vyuo viwili vya biashara Uingereza, na vyote vikanikataa bila hata kuniita kwenye usaili. Nikalaumu alama za GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, nikalaumu pasipoti, nikalaumu mpaka jina la chuo nilichosoma. Jioni moja rafiki yangu wa kazini akaomba aisome insha niliyotuma. Aliisoma amesimama, kalamu nyekundu mkononi, kila baada ya mistari miwili anazungushia kitu. Alipomaliza akanirudishia, kimya. Alikuwa amezungushia kila palipoandikwa "sisi". Mara 31. "Mimi" ilikuwepo mara 4, na moja kati ya hizo ni pale nilipotaja nilikozaliwa.

Sikukusudia kuficha kitu. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto akisema "mimi nimefanya" anaulizwa "wewe na nani?" Nadhani wengi wenu mmelelewa hivyo hivyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilichelewa kuelewa kwamba msemo huo unafaa sokoni, ambako mnunuzi anaweza kuishika nyanya akaiminya. Anayesoma maombi yako hana cha kuminya. Hakujui, hamjui bosi wako, na mbele yake kuna rundo la mafaili. Usipomwambia ulifanya nini, hana jirani wa kumuuliza.

Hebu niwaonyeshe. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa mauzo kwenye kampuni ya kusambaza mafuta ya kula na sabuni, eneo langu likiwa Mbagala, Dar es Salaam. Kwenye insha ya kwanza niliandika kwamba "tuliboresha ukusanyaji wa madeni kwa kiasi kikubwa". Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu yeyote, wa kampuni yoyote, popote duniani.

Kilichotokea hasa ni hiki. Maduka 43 yalikuwa yanachukua mzigo kwa mkopo na kuchelewa kulipa, na ofisini kila mtu aliamini kwamba wenye maduka ni wasumbufu. Siku moja nikakaa kwenye kreti ya soda kwa Mangi mmoja, mwenye duka, nikamwomba anifungulie daftari lake. Akanicheka. "Dada, nyie mnakuja Jumatatu saa 5. Mimi Jumatatu saa 12 asubuhi nishaenda na hela yote Kariakoo. Njooni Jumapili jioni muone kama sitalipa." Ilikuwa ni hilo tu. Kazi ngumu ilibaki kwa madereva wawili ambao hawakutaka hata kusikia habari ya Jumapili. Nilibishana nao wiki nzima, nikakosea kwa kumwendea bosi kabla hatujaelewana, ikabidi nirudi kuwaomba radhi, na mwisho tukakubaliana wapumzike Jumatano. Baada ya miezi minne, madeni yaliyopitisha muda yalikuwa yameshuka kutoka shilingi milioni 18 hadi milioni 7.

Hiyo ndiyo insha. Pamoja na kosa langu la kumkimbilia bosi, ambalo mara ya kwanza nisingethubutu kuliandika. Mwaka wa pili nililiweka katikati kabisa, na nina hakika ndilo lililowafanya waamini yale mengine.

Nilichokifuta bila huruma ni aya ya kibatari. Mnaijua: nilisoma kwa kibatari, nikatembea kilomita kadhaa kwenda shule, tangu utotoni nina ndoto ya kuwa kiongozi. Ni kweli nilisoma kwa kibatari. Lakini kibatari hakielezi unavyofanya uamuzi ukiwa na miaka 28, na mimi binafsi naona kuna kitu kinachoudhi katika kuuza umaskini wa wazazi wako ili upate kiti.

Sasa barua za wadhamini, yaani za watu wanaokupendekeza chuoni, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Ukimwomba bosi wa Kitanzania barua, jibu unalijua: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Hana nia mbaya. Ana shughuli nyingi na anakuamini. Ila vyuo vingi vinasema wazi kwamba mwombaji asiandike barua yake mwenyewe. Hata ukiweka hilo kando, utajisaliti tu: barua mbili na insha moja, zote zina mtindo mmoja wa uandishi na sifa zilezile. Tena siku hizi mara nyingi si barua ya kusaini, ni fomu inayotumwa moja kwa moja kwenye barua pepe ya mdhamini, ina maswali, na swali mojawapo linamtaka aeleze jambo alilowahi kukukosoa na wewe ulilipokeaje. Mwaka wa kwanza bosi wangu alilijibu kwa maneno mawili: hana mapungufu. Alidhani ananipigia debe.

Mwaka wa pili nilimfuata mapema, wiki sita kabla, nikampa karatasi moja yenye matukio manne na tarehe zake, bila sifa hata moja. Tukakaa nusu saa. Nikamweleza kwamba kule "hana mapungufu" inasomeka kama "simfahamu vizuri". Akafikiri, akasema, "Basi nitaandika kwamba hujui kugawa kazi. Nilikwambia mwezi wa tatu, ukanuna siku mbili, halafu ukaanza kumwachia yule kijana ripoti za Ijumaa." Iliniuma. Ndiyo barua bora kuliko zote nilizowahi kuandikiwa. Msihangaike kutafuta barua ya mheshimiwa aliyewaona mara moja harusini. Anayekujua kazini, hata kama cheo chake ni cha kawaida, anamshinda waziri.

Kuna kosa jingine ambalo sijawahi kuliona limeandikwa popote kwa Kiswahili. Mimi nilimaliza na GPA ya 3.7 kati ya 5. Kwa kihere-here changu nikaigeuza iwe ya mfumo wa 4, nikagawa na kuzidisha, ikatoka 2.96, nikajaza hiyo. Hakuna aliyenituma. Maelekezo ya fomu yalisema uandike alama kama zilivyo kwenye transkripti pamoja na kipimo chake. Kwa vyuo vyetu vinavyotumia 5, kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, na wapo wanaolielewa hilo. Andika 3.7 kati ya 5, endelea na mengine.

Kuhusu GMAT sitasema mengi, kwa sababu mimi niliufanya kabla haujabadilishwa mwishoni mwa 2023. Wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, maswali 64 kwa jumla, hauna insha, na kikokotoo kinaruhusiwa kwenye sehemu ya uchambuzi wa data peke yake. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na hazilingani na za zamani: 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya wakati wetu. Kwa hiyo mkubwa wako akikuambia alipata 700, usikate tamaa bure. Vyuo vingi vinapokea GRE pia, mtihani mwingine wa aina hiyo.

Ombeni awamu ya kwanza, ambayo kwa vyuo vingi hufungwa Septemba, au ya pili, Januari. Awamu ya mwisho waachieni wasiohitaji viza wala ufadhili. Wanaoitazama Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wakumbuke inadai angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kwa MBA ina kikomo cha ada ambacho programu nyingi zinakivuka, salio likibaki juu yako. Na ukiomba kusamehewa ada ya maombi, wengine wanasamehe. Mimi niliona aibu kuomba, nikalipa.

Mara ya pili niliitwa kwenye usaili, mwanzoni mwa Novemba, saa 7 mchana ya London. Nikapiga hesabu ya tofauti ya saa mbili, nikajiandaa kwa saa 9 alasiri. Sikujua kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa tatu. Nikakaa saa nzima mbele ya kompyuta, nimevaa koti, feni nimeizima kwa sababu inapiga kelele, Dar ile ya Novemba. Walipotokea saa 10 nilikuwa nimelowa, lakini woga ulikuwa umeshakwisha.

Hawakuniuliza kuhusu uongozi wala maono ya Afrika niliyokuwa nimeyakariri. Yule mama aliyenisaili alikuwa na insha yangu mbele yake, akataka kujua kama bado naenda kwa yule mwenye duka. Nikamwambia ndiyo, na kwenye daftari lake sasa jina langu lipo, nadaiwa vocha mbili na mkate.