Maswali ya Wasomaji: Je, Lugha Nyingi Huuelemea Ubongo wa Mtoto?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu ni Wasukuma tunaoishi jijini Mwanza. Binti yetu wa miaka mitatu huzungumza nasi Kiswahili, na bibi yake, tunayeishi naye, humsemesha Kisukuma. Mwakani ataanza chekechea inayofundisha kwa Kiingereza, na tumeshauriwa tuache Kisukuma nyumbani ili asichanganyikiwe. Mimi nami, nikiwa na miaka 41, nimeanza kujifunza Kichina kwa ajili ya biashara. Je, ni kweli kwamba lugha nyingi huuelemea ubongo wa mtoto, na kwamba ubongo wa mtu mzima haupokei tena lugha mpya?
Mama, Mwanza

JIBU: Mama, ushauri wa kuacha Kisukuma hauna msingi wa kisayansi, nasi tunakusihi usiufuate. Katika miezi yake ya kwanza mtoto huweza kutofautisha hata sauti za lugha ambazo wazazi wake hawazijui. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walitofautisha konsonanti za Kihindi walipokuwa na umri wa miezi sita hadi minane, lakini walipokaribia kutimiza mwaka mmoja wengi wao hawakuweza tena. Hiyo si dalili ya ubongo kudhoofika, bali ya ubongo kujielekeza kwenye sauti unazozisikia kila siku. Na mtoto anayelelewa katika lugha mbili au tatu hujielekeza kwenye zote. Binti yako akichanganya Kisukuma na Kiswahili katika sentensi moja, anafanya wafanyavyo watu wazima wengi wa Mwanza, na hilo halimdhuru.

Bibi yake ana nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walikaa na wazungumzaji wa Kimandarini, yaani Kichina sanifu, kwa vipindi 12, wakisomewa na kuchezewa, wakajifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao walioonyeshwa wazungumzaji hao kwenye televisheni hawakujifunza. Lugha humwingia mtoto mdogo kupitia mtu anayemtazama usoni na kumjibu.

Tena hutoweka ikikosa mtu huyo. Nchini Ufaransa, Christophe Pallier na wenzake waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa walipokuwa na umri wa miaka mitatu hadi minane. Hawakuweza kuitambua lugha yao ya kwanza miongoni mwa lugha nyingine za kigeni, wala picha za ubongo wao hazikuonyesha kwamba Kikorea kiliwaamsha kwa namna yoyote ya pekee. Mtoto aliyekuwa akizungumza kabisa anaweza kuipoteza lugha yake, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatari inayomkabili binti yako, wala si kuchanganyikiwa.

Kuhusu kuanza mapema au kuchelewa, umri una uzito wake. Jacqueline Johnson na Elissa Newport, mwaka 1989, waliwapima wahamiaji 46 kutoka China na Korea waliofika Marekani wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 39. Waliofika kabla ya kutimiza miaka saba walikimudu Kiingereza kisarufi sawa na wenyeji, na uwezo ulishuka hatua kwa hatua kwa waliofika baadaye, hadi kwenye umri wa balehe; kwa waliofika wakiwa watu wazima, tofauti ilikuwa kubwa baina ya mtu na mtu, wala umri haukutosha kuieleza. Ndani ya ubongo nako kuna alama. Mwaka 1997 Joy Hirsch na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu 12 wenye lugha mbili, wakaona kwamba katika eneo la Broca, linalohusika na kuunda usemi, waliojifunza lugha zote mbili utotoni walizitumia katika sehemu moja, ilhali waliojifunza ya pili ukubwani walitumia sehemu mbili zinazopakana. Katika eneo la Wernicke, linalohusika na kuelewa, tofauti hiyo karibu haikuonekana.

Kwa hiyo ubongo wako, mama, utapitia njia nyingine, lakini haujafungwa. Mwaka 2012 watafiti wa Uswidi walichapisha vipimo vya vijana wa chuo cha wakalimani cha jeshi, ambao walikuwa wamesoma lugha mpya kwa nguvu kwa miezi mitatu: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka ukubwa, na gamba la ubongo lilikuwa limenenepa katika maeneo ya lugha, jambo ambalo halikuonekana kwa wanafunzi waliosoma masomo mengine kwa bidii hiyohiyo. Lafudhi ndiyo itakayokusumbua zaidi kuliko msamiati. Toni za Kichina, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, huwatatiza wengi waliokulia kwenye Kiswahili pekee, lakini Kisukuma nacho kina toni, ingawa huzitumia kwa namna yake, kwa hiyo sikio lako si geni kabisa. Jifunze kila siku kwa muda mfupi badala ya mara moja kwa wiki kwa saa nyingi, na utafute mzungumzaji wa Kichina wa kuongea naye ana kwa ana, kwa maana rekodi peke yake haitakusahihisha unapokosea toni.