Nyali yenyewe ama jina tu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunakaa Tudor hapa kisiwani Mombasa na mume wangu, nyumba ya kupanga, sasa ameona flati inauzwa Nyali karibu na Links Road na ajenti anamharakisha alipe diposti wiki hii ati kuna mtu mwengine anaitaka. Bei wallahi ni kali. Mimi nasema hizo pesa tujenge Mtwapa lakini baba watoto keshajiona mtu wa Nyali. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tudor

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo "mtu mwengine" wa maajenti namjua, kila flati anaitaka na hajanunua hata moja.

Mumeo simlaumu, Nyali imevuta watu kitambo. Palikua mashamba ya mkonge, afu 1931 likaja daraja la kuelea, wazungu wakajenga majumba yao huko pwani, na hili daraja la sasa lilipofunguliwa 1980 ndio kila mwenye nafasi kisiwani akavuka. Lakini yeye hauziwi jumba lenye uwanja na miembe. Anauziwa flati kwenye ghorofa, pale palipokua na familia moja sasa wamejazana kibao na bomba ni lilelile. Kwa hivyo wengi wanategemea kisima, na ukikaribia bahari maji ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, ya kupikia mnanunua ya bowza, lile lori la maji. Tena sehemu kubwa ya huko hakuna sewa, yale mabomba ya maji machafu, ni mashimo ya septiki, na chini ni mawe ya matumbawe yanapitisha kila kitu, so hicho kisima msikinywe hata kama maji ni meupe peee.

Halafu hati. Kuna sheria ya 2020 ya flati kuwa na hati yake yenyewe, kwa hivyo muulizeni muuzaji kama ipo ama ana makaratasi tu, na kama kiwanja ni cha lisi, yaani cha kukodishwa kwa miaka maalum, imebaki miaka mingapi. Wakili awe wenu sio wa ajenti, afanye sachi kwa ofisi ya ardhi, aone mwenye mali ni nani hasa. Mtwapa pia sachi lazima, huko msidanganyike ati ni rahisi.

Na servisi chaji je? Lifti, jenereta, askari, hiyo mtalipa kila mwezi hata nyumba ikiwa yenu.

Diposti asilipe wiki hii. Nendeni wenyewe bila ajenti, mumpige stori askari wa geti, yeye ndio anajua bowza laingia mara ngapi.