Re: Vifo vya watoto Nauru mbona vinaruka hivi?

Mkuu usipaniki, hizo namba za vifo vya watoto Nauru (kale ka nchi ka kisiwa huko Pasifiki) kuruka mwaka hadi mwaka si lazima kuna mlipuko wa ugonjwa, ishu ni udogo wa nchi. Watu wote kama 12,000 hivi, sasa chukulia kwa mwaka wamezaliwa watoto 300, akifa mmoja kiwango ni 3.3 kwa kila 1,000, wakifa wanne tayari 13.3, grafu inapaa utadhani janga. We jumlisha miaka mitano au kumi ndo upige hesabu, na idadi yenyewe ya vifo uiandike pembeni ya hicho kiwango. Alafu kwa ripoti yako mi ningekomaa na watu wazima, kisukari na moyo ndo vinawamaliza kule wakiwa bado na nguvu zao.