Swali la lugha: "Viungo wa Denmark" au "viungo vya Denmark"?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeandika makala ya michezo kuhusu Katrine Pedersen, kiungo na nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya wanawake ya Denmark. Mahali pamoja niliandika "viungo wa Denmark walitawala dimba la kati". Mhariri akabadilisha kuwa "viungo vya Denmark vilitawala", akisema neno likianza na vi- lazima lifuatwe na vi-. Nani yuko sahihi? Pia, niandike "alicheza Fulham", "alichezea Fulham" au "aliichezea Fulham"? Na raia wa Denmark tumwiteje?

Jibu: Marahaba. Uliandika sawa, mhariri ndiye aliyeteleza. Neno kiungo limo katika ngeli ya ki-vi, hilo halina ubishi. Lakini linapomtaja mtu, upatanisho wake hufuata uhai wa huyo mtu, si umbo la neno. Ndivyo tunavyofanya kila siku bila kufikiri: kiongozi ameondoka, vijana wamefika, kipofu yule ni fundi. Hata wanyama wamo: kiboko amepindua mtumbwi, vifaru wanalindwa. Kwa hiyo kiungo amefunga, viungo watatu wameumia, kiungo wetu ni huyu.

Ushahidi mwingine upo kwenye lugha ya mpira wenyewe. Tunasema kiungo mkabaji na kiungo mshambuliaji, na wakiwa wengi, viungo wakabaji. Sijamsikia mtangazaji hata mmoja akisema "kiungo kikabaji". Sasa ukifuata kanuni ya mhariri wako utajikuta na "viungo wakabaji vilizidiwa", sentensi yenye wa- na vi- zinazogombana ndani ya maneno matatu. Na "viungo vya Denmark" kwa msomaji mwenye njaa ni iliki na mdalasini kutoka ughaibuni.

Vi- ina mahali pake. Kiungo cha mwili hubaki kitu: "Kiungo wa Denmark ameumia kiungo cha goti" ni sentensi safi kabisa, yenye wa na cha, kila kimoja na kazi yake. Kikosi nacho hubaki ki- ingawa kimejaa watu, maana kinachotajwa ni kundi, si mtu. Chukua Julai 2013, fainali za Ulaya nchini Uswidi. Denmark ilimaliza hatua ya makundi na pointi mbili tu, sawasawa na Urusi, na nafasi ya robo fainali ikaamuliwa kwa kura. Kura ikaiangukia Denmark. Kikosi kilivuka, timu ilivuka, viungo walivuka. Kisha wakaitoa Ufaransa kwa penalti, na katika nusu fainali wakatoka sare ya 1-1 na Norwei kabla ya kutolewa kwa penalti vilevile. Hapo ukiandika "kikosi cha Pedersen walitolewa" utakuwa umekosea upande wa pili, ingawa kosa hilo siku hizi limeenea mpaka redioni.

Iko sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Ki- kwa mtu haikosi ladha: inadunisha au inadekeza. Kibabu kile kimekuja, kitoto hiki kinacheka. Ukiandika "kiungo kile kimepoteza mpira", msomaji anaweza kudhani unambeza mchezaji. Kuna utani wa magazeti ya Tanzania ambao ki- hubaki kwa makusudi, ule wa kumwita mchezaji mpya kifaa: "kifaa kipya kimetua". Pale mwandishi anacheza na sitiari ya kitu kilichonunuliwa, kwa hiyo hawezi kusema "kifaa kipya ametua" bila kuiua. Mimi siupendi sana, lakini kisarufi uko sawa.

Tuje kwenye kucheza. "Alicheza Fulham" inaeleweka, ila Fulham inakuwa kama mahali. "Alichezea" ina mnyambuliko wa kutendea, yaani alicheza kwa niaba ya. Kwa kuwa jina la klabu ni jambo mahususi, mimi huongeza kiambishi cha mtendwa: aliichezea Fulham, aliichezea Denmark mechi 210. (Idadi hiyo, aliyoikusanya kuanzia 1994 hadi alipostaafu 2013, wakati huo haikuwa imefikiwa na mchezaji mwingine yeyote wa nchi yake, awe mwanamume au mwanamke.)

Kwa Pedersen tofauti hii si ya urembo. Miaka yake ya mwisho alikuwa Stabæk, klabu ya Norwei. Basi tazama: alicheza Norwei, kwa maana ya kucheza huko. Alicheza na Norwei, kwa maana ya kukutana nayo uwanjani, kama kwenye nusu fainali ile, ambapo golini mwa Norwei alisimama kipa Ingrid Hjelmseth, mchezaji mwenzake wa Stabæk. Lakini hakuichezea Norwei hata dakika moja. Mwandishi akiandika "aliichezea Norwei" amembadilishia uraia kwa silabi mbili.

Angalia tu kwamba kuchezea ina maana nyingine ya kufanyia mzaha au kugusagusa: usinichezee, anachezea simu. Na kumchezea mtu rafu ni habari nyingine tena. Muktadha wa mpira hutosha kuzitenganisha, kwa hiyo usiogope kulitumia.

Kuhusu uraia, andika "raia wa Denmark" au "Mdenmark", wingi "Wadenmark". Najua Mdenmark lina konsonanti nyingi mdomoni, na wapo wanaojaribu kulifupisha liwe "Mdeni". Usifanye hivyo. Mdeni ni mtu anayedaiwa, na kichwa cha habari kinachosema "Wadeni watinga nusu fainali" kitasomwa kwa furaha na wenye maduka tu.