Kuziba grili kunapunguza ulaji wa mafuta?

Ndugu, umeuliza kama kuziba grili ya gari (matundu ya mbele yanayoingiza hewa kwenye injini) kwa plastiki kunapunguza ulaji wa mafuta. Kunasaidia, ila ukiwa barabara kuu. Kwenye foleni hutaona tofauti. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, nguvu ya upepo unaolizuia gari inazidi mara mbili. Kwa hiyo anza na keria ya juu ya paa, maana nayo inakamata upepo: kama huitumii, ing'oe leo, ni bure. Grili ziba sehemu tu, kisha kodolea macho geji ya joto la injini, hasa ukipanda mlima huku kiyoyozi kinafanya kazi. Sindano ikipanda kuliko kawaida, toa kipande mara moja. Kufunika chini ya gari kwa plastiki nako kunafaa, lakini tafadhali, plastiki isikaribie ekzosi, itashika moto! Na ifunge kwa boliti, gundi itaachia.