Unaanza karakana ya miguu ya bandia? Anzia kwenye soketi

Mwanagenzi akiingia karakana, macho hukimbilia nyayo, boliti na vyuma. Hivyo utavizoea upesi. Mguu wa chini ya goti ambao mgonjwa ataishia kuutupa chini ya kitanda huharibikia kwenye soketi, yaani kikombe kinachoingia kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Mara nyingi huwa umeshaharibika siku ile ya kupiga plasta ili kupata umbo la kigutu.

Kabla ya plasta, hakikisha kidonda kimepona na uvimbe umeshuka. Bandeji ya kuvutika hufungwa kwa mtindo wa namba nane, ikibana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda. Ukiibana juu, damu na maji hujazana nchani, nawe utapima uvimbe badala ya kigutu. Pima mzunguko kila sentimita 5 kushuka kutoka kwenye kano ya goti, na uandike saa, kwa sababu kigutu cha asubuhi si cha jioni.

Mvishe stokineti (soksi nyembamba ya kitambaa) iliyoloweshwa, kisha weka alama kwa penseli ya kopi, ile inayotoa wino ikilowa: pia ya goti, kano iliyo chini yake, kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje, ukingo wa muundi na ncha ya mfupa. Wino utahamia ndani ya plasta, halafu kwenye kinyago, yaani mfano wa kigutu utakaoumimina kwa plasta, kwa hiyo alama iliyokosewa hapa utaikuta tena mbele ya safari. Goti likunjwe kidogo na misuli ilegee. Shika kwa vidole gumba pande mbili za kano, vidole vingine nyuma ya goti, na utulie hadi plasta igande. Anayeendelea kuminya plasta ikiwa imeanza kukaza huacha shimo ambalo kigutu hakina. Maji ya moto huharakisha kuganda. Kama mkono wako bado mzito, tumia ya uvuguvugu. Na Kisumu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, usiache gunia la plasta wazi. Poda iliyovuta unyevu huganda ovyo na hutoa kinyago cha kumomonyoka.

Kuchonga kinyago ndiko kazi yenyewe. Kigutu hakibebi uzito sawasawa pande zote. Kano ya goti, nyama za nyuma na ubavu wa ndani wa muundi huvumilia, kwa hiyo hapo unapunguza plasta ili soketi ishike. Kichwa cha fibula, ukingo wa muundi na ncha ya mfupa havivumilii, na hapo unaongeza plasta, milimita chache tu, ili soketi iachie nafasi. Karibu na kichwa cha fibula hupita neva inayoinua wayo. Ukibana hapo, mgonjwa atalalamika ganzi kabla hajalalamika kidonda. Usikwangue alama za wino mpaka umemaliza.

Kinyago kikauke kabisa kabla ya kuvikwa polipropilini, plastiki inayolainishwa kwa moto ili iwe soketi. Maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kutoa mapovu. Karatasi ya plastiki hiyo iko tayari inapokuwa angavu kama kioo. Ikibaki na doa jeupe, hapo haijaiva. Ikishavutwa na pampu, iache ipoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho. Ikitolewa ikiwa vuguvugu hupinda, na hutajua mpaka mgonjwa asimame.

Siku ya kujaribu, dondosha kidonge cha udongo laini ndani ya soketi, chini kabisa. Kikitoka kimebapa kabisa, ncha inagota. Kisipoguswa, kigutu hakifiki chini, na ngozi ya nchani itavimba. Kisha: “Mzee, simama, weka uzito polepole.” Atembee kidogo, vua soketi na soksi ya kigutu, tazama ngozi. Wekundu kwenye kano ni wa kawaida na hupotea ndani ya dakika kumi hivi. Ulio juu ya mfupa, au usiopotea, unarudisha soketi benchini. Usiufunike kwa soksi nyingine. Soksi ni ya kigutu kilichopungua, na kitapungua sana miezi ya kwanza.

Ukingo wa nyuma ushushwe vya kutosha goti likunjwe kupita nyuzi 90 bila kubana kano za nyuma ya goti. Atachuchumaa kwenye choo cha shimo na kupanda boda, hata kama hakukuambia.

Muulize pia atavaa kiatu gani. Wayo wa SACH, wayo wa bandia wenye kisigino laini, hauna kifundo kinachojikunja, hivyo hupangwa kwa kimo kimoja cha kisigino. Mvuvi wa Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, anayevua viatu vyenye kisigino na kubaki peku atahisi goti likisukumwa nyuma. Kisigino kirefu zaidi hulisukuma mbele. Mwambie aje na viatu hivyo siku ya kupanga mguu, si siku ya kuuchukua.