Mkeka kwanza, kochi baadaye

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki limenigusa. Mmeuliza: "Unaipambaje sebule ya familia ili vitu vya kale na vya kisasa vikae pamoja, na watu wakae kwa raha?" Nina jibu refu, kwa sababu nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, tumelitafuta jibu hilo karibu miaka mitatu, na tumelipata baada ya kupoteza fedha.

Nyumba ni ya mama mkwe. Kwa miaka mingi sebule yake ilikuwa ya wageni tu. Mlango ulifungwa, ufunguo ulikaa kwenye pindo la khanga yake, na sisi wa nyumbani tulikaa uani: wanawake kwenye mkeka karibu na jiko, watoto kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, wanaume barazani. Chumba kikubwa kuliko vyote, chenye madirisha mawili yanayopokea upepo wa bahari, kiliachiwa makochi na kabati la vioo. Mgeni akibisha hodi ndipo na sisi tulipopata kukiona. Nadhani wasomaji wengi wanakijua chumba cha namna hiyo, na wengi walichapwa utotoni kwa kukiingia na miguu yenye mchanga.

Magoti yalipoanza kumsumbua mama mkwe, akawa hawezi tena kukaa chini uani, yeye mwenyewe alinikabidhi ufunguo. "Mwanangu, fungueni chumba kile, tukae." Maneno yake yalikuwa hayo tu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilidhani chumba cha kukaa familia lazima kiwe kipya chote. Viti vya zamani tukavirundika stoo, tukanunua kochi la kona la ngozi bandia, rangi ya kahawia, kubwa kama mashua. Siku lilipoingia ndani majirani walikuja kulitazama. Masika ya pili yalipopita, kwenye mkono wa kochi, pale mwanangu mdogo anapoegemeza kiwiko chenye jasho, pakatokea kilengelenge kidogo kama cha kuungua. Wiki mbili baadaye kikapasuka. Kisha likaanza kubanduka magamba, yanaganda kwenye mashavu ya miguu, yanafagiwa asubuhi na jioni yapo tena. Duka sitalitaja, ila nataka msomaji aelewe kilichotokea. Ngozi bandia ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa juu ya kitambaa. Joto, jasho na unyevu wa hewa huulegeza utando ule, na sisi wa pwani tuna vyote vitatu mwaka mzima. Kochi hilo pengine lingedumu zaidi Njombe kwenye baridi. Tanga halikudumu.

Tulipolitoa, chumba kikabaki kitupu na mfukoni hamna kitu. Basi tukatandika mkeka, tukaweka mito, tukamwekea mama kiti kimoja cha jikoni, tukaishi hivyo wiki tano. Namshukuru Mungu kwa zile wiki tano, kwa sababu ndizo zilizotufundisha chumba chetu. Mama alikuwa kila alasiri anasogeza kiti chake kwenye dirisha la kushoto, kwa kuwa hapo ndipo upepo unapopita na mwanga unamfaa kwa ufumaji wake. Watoto walilala kifudifudi wakiandika kazi za shule katikati ya chumba, kamwe si pembeni. Mume wangu alitafuta ukuta wa kuegemeza mgongo. Na pale lilipokuwa kochi la kona hakukaa mtu hata mmoja, maana ndiyo njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni. Miaka miwili tulikuwa tumeziba njia yetu wenyewe na kulizunguka kochi kila tukibeba sufuria.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kupamba ni huu: toa kila kitu, tandika mkeka, kaeni. Kabla ya kwenda dukani, angalia watu wako wanaelekea wapi.

Mkeka huo nao ndio uliotupa rangi. Mama aliusuka mwaka 1994, mwaka alioolewa wifi yangu mkubwa, na kwa muda mrefu ulikaa umekunjwa juu ya kabati. Ni wa ukindu. Ukiinama karibu utaona ukili mmoja mmoja, yaani ukanda uliosukwa, upana wa vidole vitatu, umeshonwa na mwenzake mpaka hujui umeanzia wapi. Chane za rangi, yaani majani yaliyochanwa membamba, alizichemsha mwenyewe kwenye sufuria na rangi ya unga ya dukani. Zambarau imefifia mpaka imekaribia kijivu. Kijani imebaki ndani ya mishono tu, mahali jua halikufika. Na chane ambazo hazikutiwa rangi zimegeuka rangi ya asali. Fundi rangi alipokuja sikumpa karatasi ya dukani yenye vijisanduku vya rangi. Nilimpa kipande cha ukili kilichosalia. Akaongeza njano na kahawia kidogo kidogo kwenye ndoo ya rangi nyeupe ya maji, anapaka ukutani, anangoja ikauke, analinganisha, mpaka ikaafikiana na ile asali. Foronya za mito zikafuata zambarau iliyofifia. Kijani tumeiweka kwenye mito miwili tu. Hakuna rangi nyingine kubwa chumbani, na macho yanatulia.

Wapambaji wa Marekani wana mtindo wao unaosimama katikati ya kale na kisasa: mistari iliyonyooka, rangi tulivu, mapambo machache, mbao na vitambaa vya asili, viti vya kukalika. Nimetazama picha zake nyingi na ninazipenda. Lakini aliyenishawishi kwamba sisi tunaweza si Marekani; ni Lamu. Nilipelekwa huko na shangazi yangu, tukaingia katika moja ya nyumba za mawe za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, yapata mita 3. Ukutani kuna zidaka zilizochongwa kwenye plasta, mahali pa kuwekea sahani na bakuli za kutoka China. Chini, mkeka wa kienyeji. Vitu vya mbali na vitu vya nyumbani vilikaa chumba kimoja, na hakuna aliyeona ajabu. Watu wa pwani hatukuanza jana kuchanganya. Tulichosahau ni kwamba tunaruhusiwa.

Niliporudi nikaenda stoo moja kwa moja.

Viti vile ni vya mninga, kochi moja la watu watatu na viti viwili, vyenye mikono ya mbao, kazi ya seremala wa hapa mjini ambaye baba mkwe alimwagiza miaka ya sabini. Mninga ni mti mgumu kuupata sasa na bei yake si ya mchezo. Mchwa hauwezi moyo wa mti ule, ndiyo maana miaka yote stoo haikuvidhuru. Vanishi ilikuwa imegeuka nyeusi na kunata. Fundi akaipiga msasa siku nzima uani, vumbi jekundu likitua hadi kwenye nguo za kamba, na chini yake ikatokea kahawia nyekundu yenye mistari kama maji yanayotiririka. Sikutaka vanishi ya kung'aa tena. Tulipaka mafuta ya mbao, mara mbili, basi.

Kulikuwa na jambo moja la kubishania. Fundi, kijana wa watu, mpole, alitaka kuikata miguu ya viti. Mama alikuwa ameketi mlangoni akimtazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Miguu hiyo usiikate."

"Bibi, viti vya siku hizi vinakaa chini. Vitapendeza zaidi."

"Nikishakaa huko chini, nani ataniinua?"

Fundi akaweka msumeno. Tukapima: kikao kikiwa na sponji kitafika sentimita 46 kutoka sakafuni, na kochi la kona lilikuwa sentimita 38. Tofauti ya sentimita 8 ndiyo iliyokuwa ikimfanya mama aombe mkono kila anapotaka kwenda kuswali. Leo anainuka mwenyewe. Nikiulizwa sebule ya familia ni nini, mimi huanza na hizo sentimita 8.

Sponji chagueni nzito, ya inchi 5. Ibonyezeni dukani kwa goti. Mkihisi ubao chini, iacheni, kwa sababu nyepesi hulala baada ya miezi michache. Kitambaa chetu ni pamba nzito, kila mto una zipu yake, unavuliwa na kufuliwa. Fueni kitambaa kabla hakijapelekwa kwa fundi. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na foronya iliyorudi haivishiki tena. Kazi yote, mbao, sponji, kitambaa na ufundi, ilitugharimu chini ya nusu ya bei ya lile kochi lililobanduka.

Sakafuni kuna marumaru, baridi na yenye kuteleza, kwa hiyo tumeweka zulia la mkonge lililo kubwa karibu kama chumba. Kwangu hilo si pambo tu. Baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge, na alipenda kutusimulia jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoleta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafa njiani karibu yote, ikasalia 62, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yote tuliyokuwa tukiyaona dirishani. Nikikanyaga zulia lile namkumbuka. Lakini lina masharti yake. Maji hulitia doa, kwa hiyo halifuliwi. Hupigwa brashi kavu na kuanikwa kivulini. Na ni gumu kwa ngozi ya mtoto. Ndiyo sababu mkeka wa mama umetandikwa juu yake, katikati, pale watoto wanapolala kifudifudi. Vikikaa vyote viwili pamoja vinapendana: kahawia ya mkonge pembeni, asali na zambarau katikati.

Nilijaribu pia kutundika mkeka mwingine, mdogo, ukutani. Niliupigilia bapa kwenye ukuta wa nje, na masika yalipokwisha niliukuta mgongoni umejaa ukungu wa kijani. Kuta zetu hunyonya unyevu. Sasa umetundikwa ukuta wa ndani, juu ya fito mbili nyembamba ili hewa ipite nyuma yake.

Mengine nayasema kwa haraka. Televisheni imeshushwa mpaka usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na haiko mbele ya mlango. Taa nyeupe kali za dari zimebaki kwa siku za kufanya usafi. Jioni tunawasha taa mbili za pembeni zenye balbu za rangi ya joto, zilizoandikwa kelvini 3000, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi lake. Sanduku la harusi la mama, lenye njumu za shaba, ndilo meza ya kati, na ndani yake zimo blanketi na madaftari. Kabati la vioo tumelitoa. Vikombe vyake vya maua viko kwenye rafu tatu za mbao ukutani, wazi, na tunavinywea chai. Viwili vimevunjika. Mama alisema afadhali vivunjike mkononi kuliko kuozea kabatini.

Kimebaki kitu kimoja ambacho mimi na yeye tulivutana nacho kwa muda: vitambaa vya makochi. Alikuwa navyo vingi, vyeupe, vyenye pindo la maua, na kila kiti kilivaa vitatu. Nilivikunja vyote na kuviweka ndani ya sanduku. Niliona vinaficha mbao nzuri tuliyoihangaikia. Hakusema kitu. Baada ya miezi minne niliona mgongoni mwa kiti cha mume wangu doa la duara, limekolea, la mafuta ya nazi kutoka kichwani. Nikafua, likapungua, halikutoka. Baadaye nikajifunza kwamba hata Uingereza, karne ya 19, vitambaa vya namna hii viliwekwa migongoni mwa viti kwa sababu hiyo hiyo, kuzuia mafuta ya nywele. Mama alikuwa akijua tangu mwanzo kile ambacho mimi nilikiona pambo.

Nilimwendea pale dirishani nikamwomba radhi, nikamwomba na vitambaa. Akavikataa vile vya zamani. Alisema vyeupe vitapiga kelele kwenye chumba hiki. Alinituma dukani kununua uzi wa pamba usiotiwa rangi, na akachagua mshono ulionyooka, bila maua, kitambaa kimoja tu kwa kila kichwa. Vinne vimekwisha na viko mahali pake. Cha tano kiko kwenye kroshia, naye yuko kwenye kiti chake, dirisha la kushoto, wakati naandika barua hii.

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga